Moshi Uliotoka Nao Nyumbani

Ukishuka metro Porte de Namur, hapa Brussels, jioni ya Ijumaa, ukaingia Matonge kwa Chaussée de Wavre, pua hufika kabla ya macho. Kati ya maduka ya vitenge na saluni za kusuka kuna maduka ya vyakula yenye maboksi ya samaki wa moshi, wamekunjwa mkia mdomoni, ngozi yao kahawia inayong'aa. Mimi nimekulia Mwanza. Harufu ile hunirudisha mwalo wa Kirumba alfajiri, mama zetu wakipekua matenga na kubishana bei kabla jua halijachomoza.

Naanza na samaki kwa sababu kila Novemba, baridi ikianza kuuma na watu wakianza kuwaza zawadi za mwisho wa mwaka, kuna rafiki atakayenipigia simu: "Kaka, ninunue wiski gani ya moshi?" Nami humjibu kwa swali: utotoni ulipenda moshi gani? Wengi hudhani nakwepa. Sikwepi. Nimeonja wiski za Uskoti katika mji huu kwa miaka kumi na ushei, na sijapata kipimo kinachofanya kazi kuliko hicho.

Niseme mapema kwamba makala haya ni ya mtu mzima anayekunywa kwa hiari yake. Aliyezuiwa na dini au na daktari simshawishi, na hakosi kitu cha lazima maishani. Wengine twende pamoja.

Chupa yangu ya kwanza niliinunua vibaya. Ulikuwa mwaka wangu wa pili hapa. Niliingia duka moja la vinywaji, muuzaji akaniuliza kwa Kifaransa kama nataka kitu "tourbé". Neno hilo sikulijua, na sikutaka ionekane silijui, nikasema ndiyo. Nikarudi nyumbani Etterbeek na chupa ya kisiwa cha Islay iliyokula ujira wangu wa siku nzima. Nilipoinusa nilihisi nimeingia wodi iliyopigwa deki kwa Dettol, huku nje ya dirisha mtu anachoma tairi la baiskeli. Nikanywa mafundo mawili. Chupa ikakaa juu ya kabati miaka miwili, na kila mgeni niliyemmiminia aliirudisha glasi mezani kwa adabu. Haikuwa wiski mbovu. Nilikuwa nimepanda ngazi kwa kuanzia kipago cha juu kabisa.

Kwa hiyo tuanze na lile neno. Kifaransa husema tourbe, Kiholanzi turf. Mimi nitasema mboji, ila usifikirie mbolea ya bustanini. Hii ni mimea ya kinamasi, kuvumwani, nyasi na vichaka vidogo, iliyozama kwenye maji yasiyo na hewa ya kutosha, ikashindwa kuoza sawasawa, ikarundikana kidogo kidogo, kama milimita moja kwa mwaka. Shimo la mita moja ni kazi ya miaka elfu. Ukiikata matofali na kuyaanika, yanawaka. Wanyarwanda huiita nyiramugengeri, na huko Gishoma, wilayani Rusizi, ulijengwa mtambo wa umeme wa kuichoma. Kinamasi kikubwa kuliko vyote vya aina hii katika nchi za joto kiko katikati ya bonde la Kongo. Watafiti walipotangaza vipimo vyake mwaka 2017 walikadiria kilomita za mraba 145,500, na kaboni iliyolala humo kuwa tani bilioni 30. Hiyo naiombea ibaki ardhini milele.

Waskoti wa visiwani waliichoma kwa sababu kuni hawakuwa nazo na makaa ya mawe yalikuwa mbali. Shayiri hulowekwa hadi ichipue, kisha hukaushwa kwa moto ili kuchipua kukome. Shayiri hiyo iliyochipua ndiyo kimea, ndugu wa kile kimea cha ulezi na mtama ambacho bibi zetu walianika kwenye majamvi kwa ajili ya pombe. Kimea kikiwa bado na unyevu hunywa moshi wa tanuri kama nguo inavyonywa moshi wa jikoni. Reli ilipowafikishia wa bara makaa ya mawe, wengi wao waliachana na mboji. Visiwani walibaki nayo, na ndiyo maana leo wiski ya moshi inatajwa pamoja na Islay, kisiwa kidogo kuliko Pemba chenye watu elfu tatu na ushei. Jina lake hutamkwa "Aila", usione herufi ukababaika. Utasikia watu wakisema ladha hiyo hutoka kwenye maji ya mito yaliyopita juu ya mboji. Maji hayo ni ya kahawia kweli, lakini moshi ulio ndani ya glasi umetoka kwenye tanuri.

Ukitaka kuiona mboji kwa macho yako huhitaji kwenda Uskoti. Panda treni hadi Verviers au Eupen, kisha basi hadi Hautes Fagnes, uwanda wa juu wa mashariki ya Ubelgiji ambako wenyeji waliikata kwa karne nyingi kupikia na kuota moto. Kuanzia mwaka 1957 ni hifadhi. Utatembea juu ya njia za mbao, chini yake udongo mweusi kama chokoleti unaobonyea na kutoa maji. Usichukue hata kipande, na bendera nyekundu zikiwa zimepandishwa, usiingie: maana yake kuna hatari ya moto, na mboji ikishika moto hufukuta chini kwa chini. Nilienda siku ya ukungu, nikainama nikanusa. Hainuki moshi hata kidogo. Inanuka mvua ya zamani. Siku hiyo ndipo nilipoelewa kuwa moshi ni kazi ya moto na ya watu.

Sasa nije kwenye mtego unaowanasa wengi, yaani namba. Wenye viwanda hupima fenoli, zile kemikali za moshi zilizoganda kwenye kimea, kwa sehemu katika milioni. Bowmore huzungumzia 25 hivi, Lagavulin na Caol Ila karibu 35, Laphroaig 40 na kidogo, Ardbeg kama 55. Kiwanda cha Bruichladdich kiliwahi kutoa Octomore yenye 309. Mtu husoma akadhani ni kama vipimo vya pilipili, kwamba 55 inawasha zaidi ya 35 na hakuna la zaidi. Lakini namba hiyo ni ya kimea kabla hakijasagwa. Kati ya kimea na glasi yako kuna kuvunda, kuna kukeneka, yaani kuchemsha na kunasa mvuke upoe uwe kinywaji, na kuna miaka ndani ya pipa. Sehemu kubwa ya fenoli hupotelea njiani.

Mfano ninaoupenda ni wa Lagavulin na Caol Ila. Vyote viwili viko Islay, ni vya mwenye mali mmoja, na kimea chao hutoka sehemu moja, kwenye kiwanda cha kimea cha Port Ellen kilichojengwa mwaka 1973. Moshi uleule, namba ileile. Lakini Lagavulin hujaza vyungu vyake vya shaba karibu pomoni, wakati Caol Ila huacha nafasi ili mvuke ugusane na shaba muda mrefu na kusafika. Aliyewahi kuona waragi au gongo ikitengenezwa anajua kwamba mpishi hutupa ya kwanza, hukusanya ya katikati, na huamua mwenyewe aache lini kabla ya kufika ya mwisho. Fenoli nzito huja kwa kuchelewa, kuelekea mkiani. Anayeacha mapema hupata moshi mwepesi, anayengoja hupata lami na dawa. Ukizinywa hizo mbili zikifuatana utakataa kwamba zilianza na shayiri moja: ya kwanza nzito na tamu, imekukalia kifuani, ya pili safi, yenye limau na samaki. Ndiyo maana kwenye ubao wa maelezo dukani mimi nasoma namba mwisho, nikiisoma.

Twende kwenye moshi wenyewe. Nitataja chupa zinazopatikana Brussels bila kutafuta kwa tochi, na nitazieleza kwa harufu tunazozijua sisi, maana vitabu vya Wazungu vitakuambia "moto wa kambi" na "nyama ya nguruwe iliyokaushwa", na huenda hayo hayakuamshii kumbukumbu yoyote.

Kama hujawahi kunywa wiski ya moshi, huenda umewahi bila kujua. Johnnie Walker Black Label, ile ya kwenye harusi za Dar na Nairobi, ina uzi mwembamba wa moshi, na sehemu yake hutoka Caol Ila. Iko katika kila supamaketi ya hapa. Mimina kidogo bila barafu wala soda, ngoja dakika tano, utafute uzi huo. Ukiupata na ukautaka zaidi, una safari mbele yako. Ukiupata na ukakuudhi, umeokoa pesa nyingi.

Waliokula asali ya Tabora, ile iliyorinwa usiku kwa mienge na kubaki na kumbukumbu ya moshi chini ya utamu, nawaelekeza Highland Park ya miaka 12. Inatoka visiwa vya Orkney, kaskazini kabisa, ambako upepo haukuruhusu miti kukua, hivyo mboji yao imejaa vichaka vyenye maua ya zambarau na haina ubao ndani yake. Moshi wake una maua na asali, na mapipa yaliyowahi kubeba mvinyo wa sheri huongeza zabibu kavu. Nimewapa watu wengi glasi hiyo kama ya kwanza, na sikumbuki aliyeikunjia uso.

Mtu wa Pwani aliyelelewa na chetezo ndani ya nyumba, akanywa maji ya mtungi uliofukizwa, nampa Bowmore ya 12. Mimi naisikia kama nguo iliyofukizwa asubuhi ikavaliwa jioni: moshi upo, lakini unapita na marashi. Sitasema mengi, mwenye pua hiyo ataitambua.

Talisker ya miaka 10 ni ya kisiwa cha Skye, ina kilevi cha asilimia 45.8, na ni Forodhani saa moja usiku: makaa, chumvi ya bahari, pweza anayegeuzwa, na mwishoni pilipili manga inayokamata koo. Ukiwa na siku njema, nenda Place Sainte-Catherine kwenye vile vibanda vya samaki watu wanavyokula wamesimama, kula chaza wako, kisha ukirudi nyumbani mimina kidole kimoja cha Talisker wakati chumvi ingali mdomoni. Sijapata ndoa bora ya chakula na wiski katika mji huu.

Nafika kwenye moshi wangu mwenyewe, na hapa nitakaa. Kwetu sato na sangara hulazwa juu ya vichanja, chini yake kuni zinafuka bila kuwaka, na moshi huingia taratibu siku nzima. Harufu yake ina tabaka: kwanza mafuta ya samaki, halafu kuni, halafu ziwa lenyewe. Caol Ila ya 12 ndiyo iliyonirudishia tabaka hizo. Niliinywa mara ya kwanza kwa rafiki wa Bukavu anayeishi karibu na bwawa la Ixelles, mvua inapiga madirisha, na kabla sijameza nilijikuta nimegeuka kutazama jikoni kama kuna mtu anakaanga. Si kali. Iko kama maji ya limau yaliyopitishwa juu ya samaki mkavu. Baada yake ndipo nikaweza Ardbeg ya 10, ambayo ina samaki huyohuyo lakini kichanja kimeshika moto: masizi, lami ya mitumbwi, kahawa nyeusi, na limau linaloiokoa yote. Ina asilimia 46 na haichujwi kwa baridi, hivyo usishtuke ikitia ukungu ukiongeza maji. Lagavulin ya 16 ikaja mwisho. Hiyo ni moto wa usiku wa msiba, wazee wamekaa kuuzunguka hadi alfajiri, chai ya tangawizi ikipita mkono kwa mkono. Bei yake imepanda mno miaka hii. Inywe baa, glasi moja, kabla hujafikiria chupa.

Laphroaig ya 10 inastahili aya yake kwa kuwa ndiyo inayogawa watu. Ni Dettol, ni iodini, ni mwani uliotupwa ufukweni Paje ukaanikwa juani. Husimuliwa kwamba Marekani ilipopiga marufuku pombe, hii iliweza kuingia kama dawa, kwa kuwa hakuna ofisa aliyeinusa akaamini mtu angeinywa kwa raha. Wapo wanaoinusa na kukumbuka zahanati na sindano, wakaiweka mbali. Wapo ambao mama zao walikuwa wauguzi waliorudi jioni na harufu hiyo kwenye sare, na kwao ni harufu ya kukumbatiwa. Dada mmoja wa Moshi aliniambia hivyohivyo, machozi yakimlenga, na tangu siku hiyo sijamcheka mtu kwa ladha anayoipenda.

Kuna na moshi wa zizini. Ledaig ya kisiwa cha Mull na Port Charlotte ya Islay zina kitu cha maziwa yaliyoganda, majani makavu, udongo wa boma. Nilizidharau mpaka nilipomkaribisha mwenzangu wa Kericho. Kwao maziwa ya mursik hulazwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa majivu ya mkaa wa mti wa senetwet, hadi yawe na madoa ya samawati na uchachu wa moshi. Nilimpa Ledaig bila kumwambia chochote. Alinusa, akanyamaza, akanusa tena, akasema, "Hiki ni kibuyu cha nyanya yangu." Akaichukua chupa na kupiga picha jina lake. Miezi mitatu mizima nilikuwa nikimpa Talisker, nikimwambia ataizoea.

Hilo la kuzoea lina ukweli wake, lakini lina mipaka. Brussels ni mji mzuri wa kujifunza ladha ngumu. Nenda Anderlecht, kiwanda cha Cantillon kilichopo tangu mwaka 1900, uonje bia ya gueuze: fundo la kwanza ni siki na ghala, la tano ni tufaha, na mwezi ujao unajikuta unaitamani. Moshi wa mboji nao huja hivyo kwa watu wengi. Mimi hutoa nafasi tatu, siku tatu tofauti, tumbo likiwa na kitu. Ikikataa mara ya tatu, achana nayo bila aibu. Bunnahabhain ya miaka 12 inatoka Islay hiyohiyo, karibu haina moshi kabisa, na ni wiski ya heshima. Kumbe basi usinunue neno Islay peke yake ukidhani umenunua moshi. Kinyume chake pia ni kweli: Ardmore na Benromach ni za bara na moshi zinao.

Namna ya kuonja haina siri kubwa. Tafuta glasi yenye tumbo na mdomo mwembamba, hata ile ndogo ya mvinyo inatosha. Omba sentilita 2 tu. Baa nyingi za hapa hutoa zaidi ya hapo kama hukusema. Usizamishe pua. Lete glasi kidevuni, vuta polepole ukiwa umefungua mdomo kidogo, kwa sababu kilevi kikikupiga kwanza, pua hulala na moshi hutausikia. Meza kidogo, ngoja, kisha ongeza matone ya maji na urudie. Maji ya bomba ya Brussels ni mazito, yana chokaa utakayoiona kwenye birika lako, na huua wiski nyepesi. Mimi hutumia Spa Reine, ambayo ina madini machache sana, na hufurahi nikikumbuka kwamba Spa iko chini tu ya vilima vya Hautes Fagnes, penye mboji. Kama utaonja zaidi ya moja, anza na yenye moshi mdogo. Ukianza na Ardbeg, Highland Park itakayofuata utaiona maji ya sukari, na utakuwa umeionea. Na usionje baada ya kula mbuzi wa pilipili Matonge. Ulimi uliowashwa hauna ushahidi.

Dukani, yapo maneno mawili yatakayokusaidia: "légèrement tourbé" ni moshi kidogo, kwa Kiholanzi "licht geturfd". Mweleze muuzaji harufu badala ya namba, useme samaki wa moshi, au asali, au bahari. Muuzaji mzuri atafurahi, na asiyejua atakupeleka kwenye iliyo na punguzo. Tazama umri pia, lakini kwa jicho tofauti na lile la wiski nyingine. Moshi hupungua kadiri pipa linavyokaa, kwa hiyo chupa changa hufoka zaidi. Ardbeg Wee Beastie ina miaka 5 tu na ndiyo yenye kelele nyumbani kwao. Rangi haikuambii chochote kuhusu moshi, na Waskoti wanaruhusiwa kuongeza karameli ya kuipaka.

Jambo ninalolisisitiza kuliko yote ni kuchanga. Sisi tunachangia harusi na misiba, hatushindwi kuchangia chupa. Watu wanne, chupa moja ya sentilita 70, kila mmoja anaondoka na sentilita 17 na nusu kwenye chupa ndogo safi ya kioo. Kwa pesa ya chupa moja ya Lagavulin, katika miezi minne umeonja aina nne. Kodi ya pombe kali hapa Ubelgiji ilipandishwa Novemba 2015 kwa karibu asilimia 40, na tangu hapo Wabelgiji wengi hununua wakipita Luxembourg. Ukienda huko kwa shughuli zako, lita 10 za pombe kali kwa mtu mmoja ndicho kiwango ambacho nchi za Umoja wa Ulaya hukihesabu kuwa ni cha matumizi binafsi. Ukitoka London kwa Eurostar ni lita 1 tu, maana Uingereza imejitoa katika Umoja huo. Safari ya kufuata chupa peke yake sikushauri, nauli itakula faida.

Na jioni ya kuonja, mmoja wenu awe BOB. Neno hilo la dereva asiyekunywa lilizaliwa hapahapa Ubelgiji mwaka 1995, na sheria inakomea gramu 0.5 kwa lita moja ya damu. Glasi nne ndogo za asilimia 46 zinakufikisha hapo bila wewe kuhisi. Ijumaa na Jumamosi usiku kuna mabasi ya Noctis.

Nimalizie na ile chupa ya juu ya kabati, kwa sababu ina somo la utunzaji ambalo nililipia. Baada ya Caol Ila na Ardbeg kunifungua, niliikumbuka. Niliishusha, nikaifuta vumbi, nikamimina kwa mikono ya mtu anayekwenda kuomba radhi. Nilinusa nikitegemea wodi na tairi. Vilikuwepo kwa mbali sana, kama redio ya jirani ukutani. Chupa ilikuwa nusu tupu tangu wageni wale wa mwanzo, na hewa iliyojaa ndani kwa miaka miwili ilikuwa imekula moshi ukabaki utamu na kilevi. Wiski ya mboji ikishashuka chini ya nusu, inywe ndani ya miezi michache au ihamishie chupa ndogo inayojaa hadi shingoni, uifunge, na uisimamishe wima gizani. Nilihamisha iliyobaki hivyohivyo, nikaandika tarehe kwenye karatasi na kuibandika. Jumamosi iliyofuata nilivaa koti, nikashuka hadi dukani, na muuzaji aliponiuliza kama nataka kitu "tourbé", nilimweleza samaki wa Kirumba.